Paka mwenye sura ya chui: kabla hujatoa hela

Tangu niweke picha za Komba, paka wangu, mtandaoni, ujumbe haukatiki. Dada, huyo umemtoa wapi? Anauzwa bei gani? Kaka mmoja wa Chumbageni kanibana kabisa, anataka nikiri kwamba ni mtoto wa mondo, yule paka wa porini mwenye madoa. Basi niwajibu wote hapa. Komba ni paka wa mjini, kazaliwa Deep Sea, soko la samaki hapa Tanga, chini ya meza ya mama mmoja muuza vibua. Ule mwili wa kahawia wenye mabaka yaliyovurugika kama gome la mwembe mzee kaurithi kwa paka wenzake wa mwambao.

Sura ya porini utaipata bila shida. Damu ya porini achana nayo.

Wapo paka wa kufugwa wenye damu hiyo. Savannah wa kwanza alizaliwa Marekani mwaka 1986 kwa mfugaji Judee Frank, baba yake mondo, mama yake paka wa Siam. Bengal naye asili yake ni paka wa nyumbani aliyechanganywa na paka-chui wa Asia, ingawa wanaouzwa kama wa kufugwa wapo angalau vizazi vinne mbali na babu yao wa msituni. Bei zao ni maelfu ya dola. Savannah wa vizazi vya mwanzo anaruka juu ya kabati, ananyunyizia mkojo kwenye makochi, na akikuzoea wewe hana habari na mgeni. Australia iliwapiga marufuku mwaka 2008 kwa kuhofia wanyama wake wadogo wa porini. Sasa mtu wa Ngamiani, nyumba ya kupanga, uani wapangaji sita na kuku wao, unampeleka wapi?

Halafu kuna Ocicat, madoadoa mwili mzima, ukimwona unarudi nyuma hatua. Hana damu ya porini kabisa. Mwaka 1964 kule Michigan, Virginia Daly alikuwa akichanganya paka wa Siam na wa Kihabeshi kwa shughuli zake nyingine, akatoka kitoto cha madoa, wakakiita Tonga. Hakukusudia. Kikahasiwa na kuuzwa kama paka wa kawaida tu, uzao ukaendelezwa na wengine waliofuata. Yaani madoa yalikuwemo humo humo kwenye paka wa majumbani.

Kwetu ni vivyo hivyo. Sokoke, paka anayetambuliwa duniani kwa mabaka yake, katoka hapo juu tu, pembeni ya msitu wa Arabuko-Sokoke karibu na Watamu, pwani ya Kenya. Jeni Slater aliokota vitoto mwaka 1978, baadaye wengine wakapelekwa Denmark, na mwaka 1993 shirikisho la kimataifa la paka, FIFe, likaisajili aina hiyo. Miguu mirefu, ya nyuma imezidi ya mbele, mwendo wa kunyata. Simwiti Komba Sokoke, maana hana cheti wala ukoo unaojulikana, na ukikuta mtu Tanga anakuuzia "Sokoke halisi" kwa laki kadhaa, muulize karatasi. Lakini nenda Deep Sea asubuhi boti zinaposhusha, simama dakika kumi, uone mabaka na madoa yanavyopita miguuni mwako.

Sasa jambo linalonikera. Niliwahi kuletewa kitoto kwenye boksi la sabuni, kijana kakitoa shambani, anasema ni paka mzuri wa madoa. Nilikigeuza nikaangalia masikio. Makubwa mno kwa kichwa kile, yamekaribiana juu, na nyuma yake meusi yenye doa jeupe. Mkia mfupi. Huyo ni mondo. Akiwa na masikio ya kawaida lakini nyuma yake mekundu-kahawia, miguu mirefu yenye milia, huenda ni kimburu, yaani paka pori. Usinunue hata kwa huruma, maana ukinunua kesho atafuata mwingine. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 hairuhusu kukamata wala kuweka mnyamapori bila kibali. Ukikuta vitoto porini viache, mama kaenda kuwinda. Kama vimeshatolewa, mpigie ofisa wanyamapori wa wilaya.

Kwenye matunzo, chakula hakinisumbui sana. Dagaa waliochemshwa kwa chumvi waoshe kwanza, ugali uwe wa kuongezea tu, maana paka bila nyama au samaki macho na moyo vinaharibika. Chanjo ya kichaa cha mbwa ni ya paka pia: akifika miezi mitatu mpeleke, kisha kila mwaka. Na paka wa aina hii, mwenye miguu ya kuruka, mpe pa kupanda, la sivyo atapanda mapazia. Kunguru wa Raskazone ndio wamemfundisha Komba adabu, hapandi tena bati la jirani.

Linaloua paka wengi mikononi mwa watu wenye upendo ni dawa. Panadol haifai kwa paka, hata kipande. Ini lake haliwezi kuivunja: fizi zinageuka kahawia, uso unavimba, anahema kwa shida, na asipowahishwa kwa daktari anaweza kufa. Nyingine ni dawa ya viroboto ya mbwa. Ikiwa na permethrini, paka anatetemeka mwili mzima hadi degedege. Dukani usiseme "dawa ya viroboto" tu, taja kwamba ni ya paka, na usome kibandiko mwenyewe, muuzaji asikuharakishe.

Mhasi mapema, karibu na miezi mitano au sita, jike kwa dume. Dume asiyehasiwa atakuletea vidonda vya kupigana kila wiki, jike atakuletea vitoto ambavyo jirani wote wameshavikataa. Akitoka kwa daktari mweke ndani, sakafu safi, asiruke. Akilia usiku mpigie daktari aliyemhudumia akwambie umpe nini. Panadol ibaki kabatini.