Mpini mpya wa msumeno mdogo

Ndugu, kama mpini wa plastiki umekatika lakini bapa bado lina meno makali, usilitupe. Tafuta kipande cha mninga kilichokauka vizuri, unene wa milimita 22 hivi, ulaze mpini wa zamani juu yake uuchore kwa penseli.

Wengi hukosea hapa: nyuzi za mti zipite kwa urefu pale mkono unaposhika. Zikikatiza, mpini utapasuka siku msumeno ukibana kwenye ubao mbichi. Mkato wa kuingizia bapa upasue kwanza, kabla hujachonga umbo, kipande kikiwa bado na pande zilizonyooka. Funga meno kwa kitambaa, ingiza bapa, toboa ukifuata matundu yake. Kisha chonga umbo kwa tupa (chuma cha kukwaruzia), msasa, vanishi kidogo.