Je, Chama cha Rais wa Marekani Kinaweza Kufuta Ukomo wa Mihula Miwili?

SWALI: Ndugu Mhariri, shikamoo. Jirani zetu wa Uganda waliondoa ukomo wa mihula ya urais mwaka 2005 kwa kura za wabunge. Nasikia Katiba ya Marekani nayo inakataza mtu kuchaguliwa kuwa Rais zaidi ya mara mbili. Chama cha Rais kikiwa na wingi katika mabaraza yote mawili ya Bunge lao, kuna nini cha kuwazuia wasifanye vivyo hivyo? (Msomaji, Bukoba)

JIBU: Marahaba, ndugu msomaji. Kinachowazuia ni hesabu, na hesabu yenyewe haiishii Washington.

Ukomo unaoutaja umo katika Marekebisho ya 22, yaliyoridhiwa mwaka 1951. Kabla ya hapo ilikuwa desturi tu: George Washington aliondoka baada ya mihula miwili, na hakuna aliyefanikiwa kuivuka desturi hiyo mpaka Franklin Roosevelt alipochaguliwa mara nne, mwaka 1932, 1936, 1940 na 1944. Alifariki akiwa madarakani, na miaka miwili baadaye Bunge likapitisha pendekezo la kuigeuza desturi kuwa sheria.

Kuyafuta marekebisho hayo kunahitaji marekebisho mengine, ambayo hupita njia ileile ya Ibara ya 5. Pendekezo lazima lipate theluthi mbili katika kila baraza, ambazo, wajumbe wote wakiwapo, ni kura 290 kati ya 435 za Baraza la Wawakilishi na kura 67 kati ya 100 za Seneti. Kwa hiyo wingi wa kawaida, hata ukiwa mnono, hautoshi. Kisha linapelekwa majimboni, ambako robo tatu ya majimbo, yaani 38 kati ya 50, sharti yaliridhie. Majimbo 13 yakikaa kimya tu, pendekezo limekwama. Tena kila jimbo isipokuwa Nebraska lina mabaraza mawili ya kutunga sheria, hivyo baraza moja likigoma, jimbo zima limegoma. Rais mwenyewe hatii saini popote katika safari hiyo, jambo ambalo nadhani wasomaji wengi hawalitarajii. Ibara hiyo inaruhusu pia majimbo 34 kudai mkutano maalumu wa kupendekeza marekebisho, lakini njia hiyo haijawahi kutumika.

Uone jinsi tundu lilivyo jembamba: mwezi Agosti 1920 marekebisho ya kuwapa wanawake haki ya kupiga kura yalikuwa yamebakiza jimbo moja tu kutimiza 36 yaliyohitajika wakati huo. Katika baraza la wawakilishi la Tennessee kura zilikuwa zimefungana, 48 kwa 48, walipoamua kama jambo hilo liahirishwe. Harry Burn, kijana wa miaka 24, alikuwa amevaa waridi jekundu kifuani, alama ya wapinzani, lakini mfukoni alikuwa na barua ya mama yake iliyomsihi aunge mkono. Ilipofika kura ya mwisho akasema ndiyo, na wanawake wa nchi nzima wakaipata haki hiyo.

Ndiyo maana tangu mwaka 1789 Katiba hiyo imerekebishwa mara 27 tu, na kumi za kwanza ziliingia kwa mkupuo mmoja mwaka 1791. La 27, linalohusu mishahara ya wabunge, lilipendekezwa pamoja na hizo kumi lakini likaridhiwa mwaka 1992, yaani lilingoja miaka zaidi ya 200!

Kufuta marekebisho si jambo lisilowezekana, maana marufuku ya pombe iliyoridhiwa mwaka 1919 ilifutwa mwaka 1933. Hiyo ndiyo mara pekee. Kuhusu Marekebisho ya 22, wabunge wa vyama vyote viwili wamewahi kuwasilisha mapendekezo ya kuyafuta, na hakuna hata moja lililopata theluthi mbili katika baraza lolote.