Sensa iliyonyamaza na sensa inayodanganya ni kesi mbili tofauti

Madogo mnaoanza kazi ya hizi sensa za joto na unyevu zisizo na waya, kwenye vyumba baridi vya chanjo na stoo za dawa, ukipigiwa simu kwamba "kifaa kimekufa" usikimbilie kubadilisha sensa. Uliza kwanza, haileti namba kabisa au inaleta namba zisizoeleweka? Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nazichanganya hizo kesi mbili, nabadilisha vitu vizima kabisa na tatizo linabaki palepale.

Kama zimenyamaza zote dakika moja, achana na sensa, nenda kwenye kile kiboksi kinachopokea data. Umeme umekatika, bando la laini limeisha, au mtu kabadilisha pasiwedi ya ruta. Ruta mpya nayo uiangalie, sensa nyingi za waifai zinaelewa mawimbi ya 2.4 GHz tu, si yale ya 5 GHz.

Ikinyamaza moja, angalia betri. Betri za kawaida kwenye friza ya -20 zinaishiwa nguvu haraka, halafu ukiitoa nje ikapata joto inapanda tena unadhani nzima, kwa hiyo ipime ikiwa bado ya baridi, na huko ndani weka za lithiamu. Betri ikiwa nzima basi ni mawimbi. Kuta za chumba baridi ni bati ndani na nje, mawimbi hayapiti, fungua mlango uone, data zikianza kuingia jibu umelipata, sogeza kile kiboksi karibu na mlango. Na maji yanameza mawimbi jamani! Kuna stoo nilifunga ikiwa tupu kila kitu kikafanya kazi vizuri, baada ya wiki mbili likashushwa lori la dripu, maboksi hadi juu, sensa ya nyuma ikapotea. Siku hizi siondoki mpaka nijue mzigo utapangwa wapi.

Sasa inayodanganya. Ya joto ipime hivi, ponda barafu, weka maji kidogo, koroga, zamisha ile ncha ya waya inayopima joto tu, subiri, lazima isome karibu na 0. Ya unyevu, chukua chumvi ya mezani uilowanishe kidogo iwe kama uji mzito, ifungie na sensa kwenye kopo lisilopitisha hewa bila kugusana, ilale usiku mzima, kwenye joto la 25 inatakiwa isome kama 75%. Ukiitoa sensa kwenye baridi ikashika umande itasoma 100%, hiyo iache ikauke yenyewe.

Ila kuna kitu kinaniuma sana, sensa inayosema kweli halafu watu hawaitaki. Friji moja ya chanjo ilikuwa inashuka chini ya 0 kila usiku, wote wanasema sensa mbovu, nikaipima kwa barafu iko sawa, kumbe mtu alizungusha kile kitufe cha baridi. Chanjo za kwenye friji zinakaa nyuzi 2 mpaka 8, na ya homa ya ini B ikiganda imeharibika. Weka kipimajoto cha pili pembeni ya sensa, na mwambie mhusika aitenge ile chanjo isitumike mpaka ijulikane.

Na kabla hujachomoa betri yoyote shusha data zilizomo, aina nyingine ukichomoa tu saa inaanza upya, na mfamasia anabaki na pengo la masaa asiyojua dawa zilikaa kwenye joto gani.