Mafaili, Sheria na Ofisi Yako: Maswali ya Wasomaji

Nina duka la vifaa vya ujenzi Mbeya. Kijana aliyeondoka mwezi uliopita amenipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, anadai mshahara tuliokubaliana ulikuwa mkubwa kuliko niliokuwa nikimlipa. Mkataba siuoni. Itakuwaje?

Kazi ya kuthibitisha ni yako. Kifungu cha 15 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri atunze maelezo ya ajira kwa miaka 5 baada ya ajira kukoma. Ukishindwa kuyatoa kwenye shauri, wewe ndiye wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalobishaniwa. Kusanya haraka hati za mishahara, taarifa za benki na michango ya NSSF. Waliobaki kazini, kila mmoja mfungulie jalada lake: mkataba, barua, likizo, kila karatasi na namba yake ya folio, yaani namba ya mfuatano wake ndani ya jalada. Jalada likitoka kabatini, iandikwe nani kalichukua na lini. Inanisikitisha kuona kampuni inalipa wakili kila mwezi lakini haina mtunza kumbukumbu hata mmoja. Wakili atasimama na nini mkononi?

Risiti za kodi nitunze muda gani?

Miaka 5, kwa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015. Kukiwa na shauri la kodi, usitupe kitu mpaka liishe. Risiti za EFD, zile za mashine ya kodi ya kielektroniki, hufifia, hasa zikikaa kwenye joto, kwa hiyo zitolee nakala mapema.

Masijala yetu ya halmashauri imejaa. Mkuu wangu kaagiza tuchome mafaili ya zamani. Nitii?

Usichome. Kumbukumbu za umma zinalindwa na Sheria Na. 3 ya 2002, na hakuna mkuu wa ofisi anayeweza kuziteketeza kwa amri yake tu. Mwandikie dokezo kwa heshima, mshauri aombe wataalamu wa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa waje kuzitathmini. Nakala ya dokezo hilo iwe jaladani. Ndani ya rundo hilo huenda kuna mafaili ya viwanja ambayo wajukuu wa wenyewe watayafuata.

Maamuzi yetu mengi tunayapitisha kwenye kundi la WhatsApp. Yana nguvu?

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaupokea ushahidi wa aina hiyo, ila mahakama itapima ulivyotunzwa na kama haujachezewa. Simu ikiibwa, au mwenyewe akihama nayo, ofisi inabaki mikono mitupu. Uamuzi ukipita, uandikwe na uingie jaladani siku hiyo hiyo.

Nyumba ya wageni ina nakala za vitambulisho vya wageni za miaka mingi. Kuna ubaya?

Upo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 hairuhusu kukaa na taarifa za watu kupita muda unaohitajika. Panga muda huo kwa maandishi, zilizopitiliza zichanwe vipande vipande, na orodha ya zilizoteketezwa isainiwe.