Kwa vijana wa vioo: ukingo kwanza, gundi baadaye

Vijana wangu, wiki hii nimewatazama tena mkibadilisha kioo cha nyuma cha ubavuni cha HiAce, kile kisichofunguka, na tena mmeshika bunduki ya gundi kabla hamjautazama ukingo wa bodi, pale kioo kinapokaa. Bidii yenu naipenda, lakini haraka hii inanichosha.

1. Tambueni kwanza kioo kimeshikwa na nini. Cha mpira hurudishwa kwa maji ya sabuni na kamba iliyolazwa kwenye mfereji wa mpira: mmoja huivuta akiwa ndani, mwenzake husukuma kioo kwa kiganja kutoka nje. Cha gundi hukatwa kwa waya. Kioo hiki cha ubavuni kikivunjika, hutawanyika punje tupu, tofauti na kioo cha mbele ambacho hupasuka kikabaki kimeshikana. Zifyonzeni zote ubavuni, la sivyo mteja atazisikia zikilia kwenye kila tuta.

2. Ukingo wa bodi ndio kazi yenyewe. Mnaikumbuka ile gari iliyoletwa masika ikivuja, kiti cha nyuma kimeoza, ilhali kioo kilikuwa kimebadilishwa kwingine muda si mrefu? Nilipoanza kukata, kisu kilizama bila kukazana. Fundi aliyetangulia alikuwa amekwangua gundi ya zamani yote, akachana rangi kwa ncha ya kisu, kisha akajaza silikoni ya madirisha ya nyumba juu ya mikwaruzo hiyo. Silikoni ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi juu ya chuma kisicho na rangi huita kutu. Kutu ilitambaa chini yake, ikaiinua kama gamba la kidonda, na maji yakapata njia. Kona ya chini ilikuwa imeliwa kiasi kwamba kidole cha mmoja wenu kilipenya hadi upande wa pili. Mama mwenye gari, ambaye hubeba wanafunzi kwa riziki yake, alilipia kuchomelea, rangi na kazi yote upya, wakati hakuwa amekosea lolote. Nasi tulisugua mpaka jioni, kwa sababu masalia ya silikoni hayakubali gundi nyingine kushika juu yake.

Kwa hiyo gundi ya zamani iliyoshika vizuri msiimalize. Ikateni ibaki milimita 1 hadi 2, maana gundi mpya ya poliuritheni hushika vizuri sana juu yake. Mkwaruzo uliofika kwenye chuma upakeni praima, yaani rangi ya msingi, na msubiri ikauke.

3. Jaribisheni kioo kikiwa kikavu na muweke alama kwa tepu. Ncha ya bomba ikatwe umbo la V ili gundi isimame pembetatu, nayo ilale ndani ya ukanda mweusi wa kioo, ambao huikinga na jua.

4. Gundi hii hukauka kwa unyevu wa hewa, kuanzia nje kwenda ndani, kwa hiyo kiangazi kikavu cha Dodoma huichelewesha kuliko joto lenye unyevu la Dar es Salaam. Hata hivyo, anayeilaza kisha akapokea simu ataikuta imeshafanya ngozi, na ngozi hiyo haishiki kioo. Dirisha la mbele liachwe wazi kidogo, kwani mlango ukibamizwa, hewa iliyofungiwa ndani husukuma kioo kutoka.

5. Jaribuni kwa maji ya taratibu, kutoka chini kwenda juu, mmoja akiwa ndani na tochi. Maji ya presha yasikaribie kioo hicho siku hiyo, hata mteja akiomba gari ioshwe.