Corolla 110 imekuwa nzito, uanzie wapi na laki tatu

Mkuu, umesema 110 yako ya injini ya 5A (cc 1500) inapanda mlima Kitonga kwa gia namba mbili na una laki tatu ya kuiongezea nguvu. Kwanza tafuta nguvu iliyopotea, hiyo injini ikiwa mpya ilikuwa na farasi kama 100 na sidhani kama sasa hivi unazipata zote.

Anza na kompresheni, yaani fundi apime mgandamizo wa hewa ndani ya kila silinda, silinda moja ikiwa chini sana kuliko wenzake basi usinunue kitu kingine chochote mpaka hilo liishe. Ikiwa nzima weka plagi mpya na waya zake, angalia kifuniko cha distributa kama kina ufa, badili eya klina na filta ya mafuta, halafu mwambie fundi apige taimingi, yaani muda wa plagi kuwaka, kwa taa maalum, digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu, na aunganishe kwanza TE1 na E1, zile pini mbili za kwenye kiboksi cha kupimia chini ya boneti, maana wengi wanazungusha distributa kwa kusikiliza mlio tu na hapo ndo nguvu inapotea. Inua na matairi uyazungushe kwa mkono, breki zinazokamata zinakula nguvu kimya kimya.

Ile filta ya wazi ya kuchomeka achana nayo, inavuta hewa ya moto ya kwenye boneti. Eksozi ya kelele pia, nakuomba.

Baadaye ukipata hela fikiria injini ya 7A ya cc 1800, ila ukibadili injini kadi ya gari irekebishwe TRA.