Kwa uliyeombwa kuandika wasifu wa mama aliyejitolea

Wafiwa wakikuomba uandike wasifu wa mama yao wa kusomwa msibani, na ikawa ndiyo mara yako ya kwanza, usikimbilie kalamu. Anza kwa kusikiliza, tena mapema, kwa sababu watu wenye habari unazozihitaji huwa pamoja siku za msiba tu. Wakishatawanyika utawatafuta mmoja mmoja, nao watakuwa wamerudi kwenye shughuli zao.

Nimewasaidia wafiwa wengi katika kazi hii na kila mara naona jambo lile lile. Watoto wanamjua mama wa nyumbani, lakini nusu nyingine ya maisha yake iko kwa watu ambao pengine hawajawahi kukutana nao. Mama aliyeajiriwa huacha barua ya ajira, hati za mshahara, labda na picha ya siku ya kustaafu. Aliyejitolea haachi karatasi. Usiku aliokesha na wagonjwa, watoto wa wenzake aliowasimamia masomo, michango ya kikundi aliyoitunza bila kupotea hata senti, yote hayo yamo vichwani mwa waliokuwepo. Usipowauliza, wasifu utasema "alipenda kusaidia watu", na miaka yote hiyo itakuwa imeishia katika maneno matatu.

Basi mtafute katibu wa kikundi chake, jirani wa muda mrefu, mtu aliyeshika naye zamu, na mmoja aliyewahi kusaidiwa naye. Usiwaulize alikuwa mtu wa namna gani. Swali hilo huzaa sifa: mpole, mcheshi, mkarimu, mchapakazi. Sifa hizo husomwa katika kila msiba na msikilizaji haoni mtu. Uliza alikuwa akifika saa ngapi. Uliza akikuta mambo yameharibika alisema nini, kazi gani hakukubali mtu mwingine aifanye, nani alizoea kumgongea mlango usiku. Ukiambiwa kwamba alikuwa na daftari la majina ya wagonjwa, na kwamba hakufuta jina mpaka amwone mwenyewe anatembea kwa miguu yake, liandike hivyo hivyo. Usiongeze neno "mwenye huruma". Waliokaa mbele yako watalisema wenyewe mioyoni.

Kuhusu ustahimilivu, wafiwa hupenda iandikwe kwamba "alipitia magumu mengi". Magumu yapi? Kama alifiwa na mume watoto wakiwa wadogo, sema. Kisha eleza alichofanya mwezi uliofuata: aliuza nini, aliomba kazi kwa nani, alimwachia nani mtoto mchanga. Hapo ndipo watu watakapouona ustahimilivu wake. Ila uliza kwanza kipi kinaruhusiwa kutajwa. Ugonjwa, kuachika, madeni, ugomvi wa ndugu ni mambo ya familia, na hata akikataa mmoja tu, acha. Na aliowasaidia nao wana heshima yao: usimtaje kwa jina mtu aliyepelekewa chakula au kununuliwa dawa, isipokuwa amekubali mwenyewe.

Jambo linalohitaji ujasiri zaidi ni hili. Mara nyingi yupo mtoto mwenye kinyongo kidogo, kwamba mama alikuwa wa watu wote na nyumbani alifika amechoka. Usimnyamazishe. Kaa naye pembeni, maana huyo huenda ndiye aliyemtazama mama kwa karibu kuliko wote. Watoto wakikubali, sentensi kama "Tulimgawana na watu wengi, na siku nyingine fungu letu lilikuwa dogo" inaweza kubeba upendo mkubwa kuliko ukurasa mzima wa pongezi. Nasema hivi kwa moyo wangu wote: mama aliyejitoa kiasi hicho anastahili kukumbukwa kama mtu aliyechoka, akachagua, na akaendelea.

Tarehe hazihitaji maneno mengi. Linganisha cheti cha kuzaliwa na kitambulisho. Zikipishana, wafiwa waamue. Majina ya watoto, wakiwemo waliotangulia mbele ya haki na wale aliowalea bila kuwazaa, yahakikiwe na zaidi ya mtu mmoja. Jina lililosahaulika siku ile huuma kwa miaka.

Ukimaliza, soma kwa sauti huku ukitazama saa. Dakika tano hadi saba zinatosha. Sentensi ziwe fupi, kwa sababu msomaji atakuwa na kilio kooni na atahitaji mahali pa kuvuta pumzi. Chapa kwa herufi kubwa, mistari iachane, na nakala ya pili umpe mtu aliye tayari kupokea pale mwenzake atakaposhindwa.

Maandishi yako ya mahojiano usiyatupe. Utakuwa umeacha nje mengi kuliko uliyoyaingiza. Yapange vizuri, uwape watoto wote nakala pamoja na majina ya waliokusimulia, ili wakitaka kuuliza zaidi wajue pa kuanzia.